Prodyuza asiwe wa mwisho kulipwa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Watu tunafurahia stirimingi za bure zenye matangazo, yaani app za kuangalia filamu mtandaoni kama Tubi na Pluto TV, ila mwenye filamu anapata nini? Prodyuza mdogo mara nyingi anapitia kwa msambazaji, na hela ni ya matangazo, app inachukua chake, msambazaji anakata asilimia yake na gharama za mabango na trela, kinachobaki ndo kinamfikia, tena baada ya miezi. Kule Marekani kampuni ya Chicken Soup for the Soul Entertainment, wenye app ya bure ya Crackle na msambazaji Screen Media, ilinunua Redbox, kampuni ya kukodisha DVD, 2022 ikabeba na madeni yake, Juni 2024 ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wanaoidai, Julai ikaamriwa ifilisiwe. Hapo wanaotangulia kulipwa ni waliokopesha kwa dhamana, prodyuza anayedai bila dhamana yuko nyuma yao kwenye foleni, inauma sana. Jamani wasanii wa Bongo msisaini mikataba ya miaka mingi kwa haraka, dai iandikwe kabisa kwamba malipo yakichelewa haki zinarudi kwako. Na Bodi ya Filamu itutolee basi sampuli ya mkataba kwa Kiswahili.

Mdau wa filamu, Dar es Salaam