Mimba ya 8 Desemba ni ya nani?

Mhariri,

Ile barua mliyochapa wiki jana ya ndugu aliyesema eti sikukuu ya 8 Desemba ni siku Yesu alitungwa tumboni mwa Maria, jamani hapo tusaidiane kidogo. Kama ni hivyo basi alikaa tumboni siku 17 tu halafu Krismasi! Mimba ya Yesu kanisa linaikumbuka 25 Machi, hesabu miezi tisa utafika mwenyewe. Hii ya Desemba ni mimba ya Maria, yani yeye ndo alikuwa ndani ya tumbo la mama yake Anna, ndo maana kuzaliwa kwake tunakusherehekea 8 Septemba.

Shida ni hilo jina la sikukuu yenyewe, Imakulata, tumewapa mabinti, tumepa mashule na maparokia, lakini uliza pale stejini Busia, wengi watakwambia ni kwa sababu Maria alizaa akiwa bikira. Hiyo ni habari ingine kabisa. Anna alikuwa na mumewe Yoakimu, na kanisa halifundishi kwamba alipata mimba bila mwanaume (majina yao yenyewe hayako kwenye Biblia, yametoka kwa kitabu cha karne ya pili, Injili ya Yakobo). Kiswahili kimesema wazi, Mkingiwa Dhambi ya Asili, yani Maria alikingwa na ile dhambi tuliyorithi kwa Adamu tangu alipotungwa tumboni mwa Anna, basi.

Sasa walokole wanatuuliza, Warumi 3:23 inasema wote wametenda dhambi, huyu mama yenu aliokolewa na nani? Swali zuri sana na si lao peke yao, hata Thomas wa Akwino, mtakatifu wetu kabisa, lilimsumbua mpaka akakataa fundisho lenyewe. Aliyelijibu ni Mfransisko mmoja, Duns Scotus, alikufa 1308, hoja yake ni kwamba kuna kumtoa mtu shimoni na kuna kumdaka kabla hajatumbukia, na wote wawili umewaokoa. Kwa hiyo Maria naye kaokolewa na Yesu, ila mapema. Papa Pius wa Tisa akalitangaza fundisho hilo rasmi 1854, na wale wanaosema limeletwa na maono ya Maria kule Lourdes, Ufaransa, wamegeuza kalenda, Lourdes ni 1858. Waorthodoksi wa Namungoona, kule Kampala, wao 9 Desemba wanakumbuka Anna kushika mimba, lakini hayo ya dhambi ya asili hawayataki.

Tafadhali mhariri mrekebishe kabla Desemba haijafika, maana hiyo barua kuna mtu ameshaikata akaibandika kwa ubao wa matangazo kanisani kwetu.

Msomaji wenu,
Busia, Uganda