Malalamiko: kloridi ya alumini mliyotuletea imeshaingia unyevu

Kwa kitengo cha mauzo,

Habari zenu. Naandika kuhusu zile chupa za kloridi ya alumini isiyo na maji tulizoagiza kwenu, tunaitumia kupaka tabaka la alumina (oksidi ya alumini) kwenye meno ya kukatia chuma. Mzigo umefika ila kwa kweli sio tuliolipia.

Tumefungulia ndani ya boksi la glavu (kasha lililozibwa lisiloingiza hewa) lenye gesi ya argoni kama inavyotakiwa, kizibo kulegea tu gesi ikafyatuka, yaani chupa ilikuwa na presha. Unga wenyewe umeganda mabonge mabonge ukutani na juu umekuwa njano, na nyie mnajua fika kwamba ikiwa safi ni nyeupe, hiyo njano mara nyingi ni chuma kimeingia, na presha inatokana na unyevu maana ikikutana na maji inatoa haidrojeni kloridi, gesi ya asidi. Sasa fundi wetu angeifungulia mezani kwa kuamini lebo yenu si angevuta ule moshi wa asidi? Hili ndilo limeniudhi kuliko hela.

Na tafadhali msituambie tuipashe moto ikauke. Ikishashika maji haikauki hiyo, ukiipasha inavunjika, inatoa asidi na kuacha alumina, inakuwa ukoko juu ya unga kwenye chombo cha kuvukizia halafu mvuke unatoka kwa kusuasua. Tulijaribu chupa iliyoonekana afadhali, tabaka likatoka nene huku jembamba kule, vali ikakwama, kuifungua tukakuta unga mweupe umeng'ang'ania kwenye gasketi kama saruji. Ndani ya tanuri tunaenda nyuzi karibu 1000 na kaboni dioksidi na haidrojeni, hayo yote tunayapima na kuyadhibiti, lakini mvuke wa kloridi ya alumini ukiwa hautabiriki hakuna cha kurekebisha.

Cheti cha vipimo nacho kina namba ya bachi nyingine kabisa, sio iliyoko kwenye chupa! Hicho cheti ni cha nini sasa?

Tunachotaka ni mzigo mpya uliofungwa ndani ya argoni, cheti cha bachi hiyohiyo kinachoonyesha kiasi cha chuma na unyevu, na mje mchukue hizi chupa wenyewe kwa sababu sio kitu cha kumwaga kwenye sinki, inachemka na kuruka ikigusa maji. Picha za chupa, lebo na vali nimeambatanisha. Nijibuni kwa maandishi, malipo ya oda inayofuata tumeyasimamisha mpaka hili liishe.

Msimamizi wa maabara ya upakaji