Barua kwa Mwanangu: Bereti Ikaukie Kichwani Mwako

Kaloleni, Kilifi
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako tuliipata Alhamisi, baada ya shangazi yako wa Maryland kuipiga picha na kuituma kwenye simu ya kaka yako, naye akatusomea barazani mara mbili, mara ya kwanza kwa haraka na mara ya pili kwa sababu mama yako alitaka kujua kama umeandika popote kwamba unakula vizuri. Hukuandika. Kwa kuwa simu zenu zimefungiwa hadi mtakapopewa ruhusa, nami naandika kwa mkono, na shangazi yako ataichapisha karatasi hii na kuitia posta huko huko, maana ikitoka hapa itakukuta umekwisha kuondoka Fort Jackson, hiyo kambi yenu ya makurutu wa jeshi la Marekani.

Nimefurahi kusikia kwamba umefaulu kulenga shabaha na kwamba kifundo cha mguu kimepona. Kilichonikosesha usingizi ni mistari yako miwili ya mwisho, ambayo naona uliiandika kama mzaha: kwamba mmekwisha kupewa bereti, kwamba yako imekukaa kichwani kama chapati, na kwamba wenzako wawili wamepanga kuzilowesha zao kwa maji ya moto na kuzitia kwenye mashine ya kukaushia nguo ili zishike umbo kwa usiku mmoja. Tafadhali, usiitie bereti yako kwenye mashine hiyo. Nakuomba hilo kabla hata sijakueleza sababu, kwa kuwa nakujua: ukipewa sababu kwanza, huanza kuijibu.

Bereti ni sufu iliyofumwa ikiwa kubwa kuliko inavyohitajika, kisha ikalowekwa na kupondwapondwa mpaka nyuzi zikashikana na kupungua, na kazi hiyo ikakatizwa na fundi aliyejua wakati wa kuacha. Uzi wa sufu una magamba madogo madogo mfano wa samaki. Ukipata joto, unyevu na msuguano kwa pamoja, magamba hayo hung'ang'aniana, na yakishang'ang'aniana hakuna maji wala pasi itakayoyaachanisha. Mashine ya kukaushia ina yote matatu. Wenzako wanafikiri wanaikausha, kumbe wanaiendeleza ile kazi ambayo fundi aliikatiza kwa makusudi, na asubuhi watatoa kitu kinachotosha kichwa cha mtoto.

Anza na wembe, tena bereti ikiwa kavu kabisa. Chukua wembe mpya, ule wa plastiki wa kutupa, uupitishe juu ya sufu kwa mkono mwepesi, kuelekea upande mmoja, sehemu ndogo ndogo, hadi vinyweleo vyote vya juu viondoke na weusi wake ubaki umetulia kama kitambaa cha suti. Usikandamize. Karibu na mshono wa ukanda wa ngozi punguza mkono zaidi, kwa kuwa hapo ndipo wembe hupenda kula. Mimi nilipokuwa kurutu nilitoboa tundu la ukubwa wa punje ya mtama, nikaliziba kwa uzi na rangi ya viatu, nikajiona mjanja, na koplo wetu akaliona akiwa hatua sita kutoka nilipo. Kuhusu bitana ya ndani, wako wanaoikata ili sufu ilale vizuri zaidi. Usiiguse kabla hujamwuliza sajenti wenu, kwa sababu jambo ambalo kikosi kimoja hulifumbia macho, kingine hulitolea adhabu.

Ukimaliza kunyoa, lowesha sufu kwa maji ya vuguvugu, ya kiasi kile unachoweza kumwogeshea mtoto mchanga, na ujitahidi ukanda wa ngozi usilowe, wala kile kigumu kilicho nyuma ya kitambaa cha nembo. Usiisokote kama dekio. Ikunje ndani ya taulo na uibonyeze mpaka iache kudondosha maji, kisha uivae mbele ya kioo. Ukanda ukate kipaji cha uso sawasawa, inchi 1 juu ya nyusi, usipande wala usishuke. Kitambaa cha buluu chenye nyota 13 nyeupe kisimame juu ya jicho la kushoto. Sufu inayozidi ivute kulia na chini, ifike kwenye ncha ya juu ya sikio lakini isivuke katikati ya sikio. Vipimo hivyo ni vya kwenu, wala sikuvitunga. Kaka yako aliitafuta kanuni ya jeshi lenu kwenye intaneti, tukaisoma pamoja, nami nikafurahi kuona kwamba haitofautiani sana na tuliyofundishwa sisi.

Halafu kaa nayo. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa hapana kazi ya mkono, kuna kungoja tu. Kaa nayo saa moja au mbili, ukisafisha viatu au ukiandika barua ndefu kidogo kuliko ile uliyotuletea, na kila mara pitisha kiganja kutoka kwenye nembo kushuka upande wa kulia, ili mkunjo ujue njia yake. Ukiivua iweke juu ya taulo kivulini, bila kuibana na kitu, na kesho yake uilowanishe kidogo na kurudia, na kesho kutwa pia. Ile kamba ya nyuma usiikate mapema. Ngoja bereti ikauke kabisa, uikaze kwa kipimo chako, ufunge fundo, ndipo ukate ncha zake na kulificha fundo ndani ya ukanda. Nimewaona watu waliokata kamba siku ya kwanza, na wiki ya pili wakawa wanaishika bereti kwa mkono kila upepo unapovuma.

Usidanganyike pia kununua ile inayouzwa ikiwa imekwisha kunyolewa na kukunjwa. Itapendeza dukani, lakini imekunjwa kwa kichwa cha mtu mwingine, na kichwa chako, kama cha bibi yako, kina paji pana na kisogo kilichochongoka, jambo ambalo si aibu ila linahitaji kuzingatiwa.

Kuhusu nywele, mama yako ameniamuru niandike, na safari hii hoja yake inalingana na kanuni. Mwanajeshi haruhusiwi kuwa na mtindo wa nywele unaoharibu umbo la bereti, kwa hiyo isikukute umeitengeneza leo ukiwa na nywele zilizochanwa, kisha siku ya kuhitimu ukasuka misuko minene na kuifunga nyuma, kwa sababu ukanda utapanda mbele na kipimo cha inchi 1 kitakuwa kimekwenda na maji. Suka kwanza, kwa namna utakayokuwa siku hiyo, ndipo uloweshe bereti. Mama yako anauliza ni nani anayekusuka huko na kama anavuta sana, kwa kuwa anakumbuka jinsi ngozi yako ya kichwa ilivyo.

Haraka hii unayotaka kuifuata mimi naifahamu, na sitasema umeirithi kwa mama yako. Uliacha kazi nzuri ya maabara, ukapata kibali cha kuishi Marekani, na kabla hujamaliza mwaka ukaapa kuingia jeshini, nasi tukasikia kwa shangazi yako siku tatu baadaye. Ningekukataza, ni kweli, na nadhani ndiyo sababu hukuniuliza. Lakini mtu aliyevaa sare kwa miaka 23 alistahili kuulizwa, hata kama jibu lake lilijulikana. Hata hivyo, nimewaambia wazee wote wa kahawa, na yule jirani yetu ambaye mwanawe ni rubani hana neno tena siku hizi.

Niliwaeleza pia kwamba hiyo nyeusi yenu ina ukoo. Askari wa vifaru wa Uingereza ndio walioidhinishiwa bereti nyeusi mwaka 1924, kwa kuwa kofia yenye ukingo haifai ndani ya kifaru, na rangi nyeusi huficha grisi na oili. Mimi niliyekuwa fundi wa magari jeshini nililielewa jambo hilo bila kuelezwa. Kwenu Marekani ilikuwa ya Rangers, wale askari wa kikosi maalumu, hadi 14 Juni 2001 ilipotolewa kwa jeshi zima la nchi kavu, na Rangers, ambao hawakufurahi hata kidogo, wakahamia rangi ya mchanga. Mwaka huo mimi nilikuwa Sierra Leone chini ya Umoja wa Mataifa, nimevaa ya buluu, nawe ulikuwa na miaka mitatu. Ile ya buluu ilichukua siku nne kukauka, kwa sababu mvua ya kule haijui kuacha, na nilikuwa nikilala nimeiweka juu ya bakuli lililofunikwa kando ya kitanda. Huko ndiko nilikoona wenzetu waliofunzwa kwa desturi ya Kifaransa wanailaza kushoto na nembo yao iko kulia, hata tulipopiga picha ya pamoja ilionekana kama nusu yetu tunajitazama kwenye kioo. Hiyo ndiyo bereti pekee niliyoitengeneza bila haraka, kwa kuwa hakukuwa na jiko karibu.

Nasema jiko kwa sababu ninalo la kusema. Lile la Gilgil sina haja ya kulisimulia. Unalijua, na umelisimulia mbele ya wageni mara nyingi kuliko mimi, kila mara ukijiweka wewe mahali pa mkosaji na watu wakicheka. Ila sasa umeishika bereti yako mwenyewe na nimekwisha kukueleza habari za sufu, basi fikiri kama fundi. Maji baridi ya beseni, na mikono ya mtoto wa miaka saba, hayawezi kuipunguza bereti kwa kiasi kile kati ya alfajiri na saa moja ya asubuhi. Sufu hupungua kwa maji ya moto, sabuni na kusuguliwa, na ngozi ya ukanda hujikunja vile ikitundikwa juu ya makaa. Mtoto aliyekutwa nayo beseni asubuhi huenda aliikuta tayari imekwisha kuwa vile, akajaribu kuilainisha. Mtu aliyekuwa na gwaride la saa mbili na bereti yenye doa la oili alikuwa mwingine, na usiku ule hakulala mapema. Fimbo zile hazikuwa na mahali pake. Mama yako alijua, akanyamaza, na kunyamaza kwake nimekuwa nikikulipia kidogo kidogo kwa njia ambazo hazikukufikia wewe.

Kwa hiyo usiitie kwenye mashine. Hata wakikwambia ni dakika tano tu, hata sajenti akitangaza ukaguzi wa kesho asubuhi na yako bado mbichi. Heri uivae ikiwa na unyevu, ukaripiwe kwa mkunjo usiokaa sawa, kwa kuwa mkunjo huo utarekebishwa wiki ijayo, lakini iliyokwisha kujikunja hairekebishiki na itabidi ununue nyingine.

Hapa nyumbani hali si mbaya. Paa la jiko tumebadilisha makuti upande wa kusi, na upande wa pili utangoja nazi ziuzwe. Mama yako anakwenda kliniki ya presha kila mwezi na vidonge anavimeza, ingawa husema amesahau ili aone kama ninafuatilia. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha. Kaka yako ameanza tena kuchelewa kulipa karo ya mtoto na anangoja wewe upate mshahara. Usitume chochote kabla hujaniuliza, wala usimwambie nimekuandikia hivyo, ingawa ataipiga picha barua hii na nadhani ataisoma. Basi na asome.

Ile bereti ya Gilgil haikutupwa. Iko kwenye sanduku langu la bati, pamoja na vyeti na ile ya buluu, na mwezi uliopita mtoto wa kaka yako aliifukua akaivaa. Ana miaka saba na inamkaa sawasawa, isipokuwa ukanda unamkwaruza sikio. Nilimwacha akazunguka nayo uwanjani mpaka magharibi, akampigia saluti kila aliyepita, na mama yako alinitazama kwa muda mrefu asiseme kitu.

Siku ya kuhitimu mtapiga picha nyingi. Mama yako anataka moja ya kutoka nyuma, aone nywele zilivyofungwa. Mimi nataka ya mbele, ya karibu, usitabasamu sana, ili nione ukanda umekaa wapi juu ya nyusi.

Wako,
Baba yako