Zimetengwa, zinauzwa au zimegawiwa?

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lako lilitangaza kwa herufi kubwa kwamba mbegu za alizeti zimegawiwa kwa wakulima wa Dodoma. Ilinibidi nifike aya ya tano ndipo nielewe kuwa mbegu hizo zitauzwa kwa bei ya ruzuku kwenye maduka ya pembejeo, na kwamba hata shehena yenyewe ilikuwa haijafika. Sina ubavu wa kumlaumu mwandishi wako, kwa sababu kosa hilohilo nimeshalifanya mimi, tena hadharani.

Nilifundisha Kiingereza sekondari hadi nilipostaafu. Msimu mmoja niliombwa kutafsiri kwenye mkutano wa kijiji kimoja huku Chamwino. Mgeni alieleza kwamba mbegu zimekuwa ‘allocated’ kwa kijiji na zitakuwa ‘distributed’ kupitia wauza pembejeo. Jua la saa saba lilikuwa limeniwakia utosini, nikasema: mbegu zenu zimeshagawiwa, mtagawiwa madukani. Watu wakapiga makofi. Siku chache baadaye kina mama wakaenda dukani na mifuko mitupu, bila senti moja. Mwenye duka akawatajia bei. Mmoja wao akanifuata mpaka nyumbani, akasimama mlangoni bila kuketi: “Mwalimu, hivi siku ile ulitugawia nini?”

Tangu hapo nimekuwa nikiyapekua maneno haya ya Kiingereza kama mtu anayepekua mifuko ya koti akitafuta nauli. Vitabu vya visawe huyapanga safu moja, ‘distribute’, ‘allocate’, ‘issue’, ‘dispense’, ‘dole out’, utadhani lolote laweza kukaa kwenye kiti cha mwenzake. Na sisi tukitafsiri tunayatupia yote neno moja: kugawa.

‘Distribute’ limetoka Kilatini, na asili yake ni kumpa kila mmoja sehemu yake. Lakini katika Kiingereza cha leo halisemi lolote kuhusu malipo. Anayepeleka soda madukani ni ‘distributor’, na hakuna Mwingereza anayedhani soda hiyo ni ya bure. Kiswahili nacho kina neno la kazi hiyo: kusambaza. Msambazaji wa saruji pale Kizota anafanya biashara yake kwa amani. Jaribu kumtangaza kuwa mgawaji wa saruji uone kama foleni ya matoroli haitafika Nkuhungu.

Maana kugawa, masikioni mwetu, ni bure. Anayegawa ugali hadai. Na hapa Ugogo sikio hilo lina historia. Njaa ya Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, imebaki na jina lake hadi leo, na mvua zetu bado ni za msimu mmoja, tena za kubahatisha. Ukitamka kugawa karibu na mbegu au mahindi, msikilizaji haisubiri sentensi iishe. Neno ruzuku nalo haliokoi kitu, kwani lina asili moja na riziki, na riziki nani aliwahi kuilipia dukani?

‘Allocate’ ndilo lililoniponza zaidi. Ndani yake mna neno la Kilatini la mahali: kitu kimewekewa mahali pake, basi. Hakijaenda popote. Hapo Kiswahili sanifu ni kutenga, na wala hatuhitaji kulibuni. Bungeni, hapahapa mjini kwetu, kila kikao cha bajeti utasikia fedha zilizoidhinishwa, zilizotengwa, zilizotolewa na zilizopokelewa, na mbunge anayehoji kwa nini zilizopokelewa ni pungufu ya zilizoidhinishwa hagombanii sarufi. Fungu la nyanya soko la Majengo unalishika kwa mkono. Fungu la bajeti unaweza kuliona kitabuni mwaka mzima na darasa lisiezekwe.

Mengine niyapitie haraka. ‘Dispense’ asili yake ni kupima kwa mizani, ndiyo maana dirishani zahanati dawa hutolewa. ‘Issue’ ni la mtunza stoo anayetoa kitu na kukiandika kwenye leja yake. ‘Dole out’ ni kutoa kidogo kidogo, aghalabu kwa mkono mzito, na ukilitafsiri kuwa kugawa umeuficha ubahili wote. Halafu kuna ‘give out’, ambalo kwa mitambo lina maana nyingine kabisa. Niliwapa wanafunzi sentensi ya pampu ya kisima iliyo‘give out’, mmoja akaandika kwamba pampu ilitoa maji nje. Masikini pampu ilikuwa imekufa.

Sisemi kugawa kufutwe. Kongwa, ambako ugonjwa wa vikope (trakoma) umetesa macho ya watu kwa miaka mingi, wapo wagawa dawa wanaopita nyumba kwa nyumba na hawadai hata shilingi. Jina hilo wamelistahili.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni dogo. Kabla kichwa cha habari hakijaenda mtamboni, mwandishi aulize mambo mawili: mzigo umefika, na nani analipa? Kama haujafika, aandike umetengwa. Kama mkulima analipa, aandike unauzwa, na bei aiweke pale juu, si aya ya tano. Kama kweli ni bure, basi agawe kwa raha zake.

Yule mama hatimaye alinunua kilo mbili kwa fedha za kukopa. Tukikutana mnadani ananisalimia vizuri tu, ila jina la Mwalimu ameliacha. Ananiita Mgawaji.

Mwalimu mstaafu,
Dodoma