Tufungulieni mizani ya mnadani tupime kondoo kabla ya dawa

Mhariri,

Machi mwaka huu nilipoteza kondoo 9 kati ya 31. Wa mwisho alikuwa jike mwenye mimba kubwa. Nilimkuta alfajiri amelala langoni mwa zizi, chini ya taya pamevimba kama pametiwa maji. Hakuharisha hata siku moja, na hilo ndilo lililotuchelewesha, maana wengi wetu tukisikia minyoo tunatazama kinyesi.

Mtaalamu wa mifugo alimpasua mbele yetu. Tumbo la nne lilikuwa limejaa minyoo wembamba kama nyuzi, kila mmoja na mstari mwekundu uliojisokota na mweupe. Ule wekundu ni damu ya kondoo wangu. Akafunua kope za waliobaki, moja baada ya nyingine, na kwa wengi ndani palikuwa peupe kama karatasi. Alitueleza kwamba mnyoo jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku, na kifuku kikishika, ndani ya wiki moja hivi minyoo wachanga wanakuwa wamepanda kwenye majani mabichi wakingoja kuliwa. Ng'ombe wakubwa hujijengea kinga, ndama bado. Kondoo na mbuzi ndio wanaokwisha.

Lakini Mhariri, mimi nilikuwa nimewanywesha dawa! Januari niliwanywesha, Februari nikarudia. Nililia siku ile kwa sababu sikuwa mzembe.

Zamani nilikuwa nikinunua albendazo, dawa ya minyoo ya kunywesha, ya asilimia 10. Safari hii duka lilikuwa na ya asilimia 2.5, chupa inafanana, maandishi madogo tena ya Kiingereza, na muuzaji hakuniambia neno. Nikaendelea na kipimo changu cha siku zote. Dume la kilo 40 linahitaji mililita 2 za ile ya asilimia 10, ila za hii ya pili linahitaji mililita 8. Kwa hiyo wanyama wangu walipata robo ya dawa, mara mbili mfululizo. Juu ya hapo, uzito wenyewe nilikuwa nakadiria kwa macho. Jike niliyemwita wa kilo 25 alipopandishwa mizani alikuwa na 38.

Dawa pungufu inaua minyoo dhaifu na kuwaacha sugu, na hao sugu ndio wanaozaliana. Baada ya miaka michache utanunua chupa halali, utapima sawasawa, na dawa haitafanya kazi tena. Hayo yamekwisha kutokea kwenye nchi nyingi zinazofuga kondoo. Nchini Afrika Kusini ilibidi wabuni kadi ya rangi tano ya kulinganisha na kope, ili anyweshwe mwenye upungufu wa damu tu na wengine waachwe. Sisi tunanywesha zizi zima kwa sababu jirani kanywesha.

Mwanangu anataka tulete dume la Dorper, wale kondoo wa nyama wa kigeni. Nimemwambia angoje. Kondoo wekundu wa Kimaasai wanajulikana kuwavumilia minyoo hawa kuliko Dorper, na waliobaki zizini kwangu wengi wana damu hiyo.

Ninachoomba ni kimoja. Mnada wetu una mizani. Inafanya kazi siku ya mnada kwa ajili ya wanunuzi, siku nyingine zote imefungwa kwa kufuli. Wahusika watufungulie asubuhi mbili tu, Novemba kabla ya mvua na Februari katikati yake, mfugaji aje na kondoo wake watatu au wanne wa ukubwa tofauti, aondoke anajua kilo zao. Aliyeko mbali apimiwe hata mmoja, yule mkubwa kuliko wote, kwa sababu kipimo cha kundi hufuata mzito. Mtaalamu akae pale na bomba la sindano lisilo na sindano, atuonyeshe mililita. Kifuniko cha chupa si kipimo.

Na ninyi wauzaji wa dawa za mifugo, mama akija dukani mwambieni chupa ni ya asilimia ngapi kabla hajatoa hela. Muulizeni pia kama ana majike waliopandwa karibuni, kwa kuwa albendazo inaweza kuharibu mimba changa.

Nimebaki na kondoo 22. Mvua za kwetu huanza Desemba.

Mama mfugaji,
Mkoa wa Dodoma