Kwa Nini Sindano ya Minyoo Haikumponya Ng'ombe Wako: Minyoo Bapa wa Ini na Konokono wa Majarubani

Kila mwaka, mwezi wa Septemba unapokaribia na nyasi za miinukoni zikiwa zimekwisha, dukani kwetu hapa Mbarali huanza kufika malalamiko ya aina moja. Mfugaji anaweka kichupa kitupu mezani na kusema, "Daktari, dawa yenu hii ni maji matupu." Ng'ombe wake alichomwa sindano ya aivamektini wiki tatu zilizopita, lakini bado anakonda, maziwa yamepungua, na jioni anaporudi malishoni ana uvimbe laini chini ya taya ambao ukiubonyeza kwa kidole unabaki na shimo kwa muda. Uvimbe huo hupungua usiku, kwa kuwa ng'ombe hainamishi kichwa kama anapochunga, na ndiyo maana anayemkamua alfajiri anaweza kukaa siku nyingi bila kuugundua.

Tunakiri kwamba zipo nyakati ambapo sisi wenyewe tuliuza sindano hiyo bila kuuliza maswali ya kutosha. Hata hivyo, dawa haikuwa bandia. Aivamektini huua minyoo duara wa tumboni na mapafuni, pamoja na chawa na utitiri wa ukurutu, lakini haimgusi kabisa mnyoo bapa anayeishi ndani ya ini, na levamisoli, dawa nyingine ya minyoo duara, nayo haimwezi. Mfugaji anayerudia sindano ileile mara ya pili na ya tatu anapoteza fedha huku ini la mnyama likiendelea kuharibika.

Anayetaka kumwona adui huyu na aende machinjioni asubuhi. Mkaguzi wa nyama anapolipasua ini la ng'ombe aliyeugua muda mrefu, kisu hukwaruza kana kwamba kinapita kwenye mchanga, kwa sababu kuta za mirija ya nyongo zimenenepa na kujaa chokaa. Akiikamua mirija hiyo, hutoka minyoo bapa wenye umbo la jani, rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, wamejikunja. Aina inayopatikana katika mabonde yetu yenye joto ni Fasciola gigantica, ambaye anaweza kufikia urefu wa sentimita 7. Wateja wetu wanaotoka juu Kitulo, kwenye baridi, wana jamaa yake mfupi zaidi, Fasciola hepatica, ambaye hutegemea konokono wa aina nyingine. Ini lililoathirika hivyo hukatwa sehemu mbovu au hutupwa lote, na hasara hiyo humwangukia mwenye ng'ombe au mchinjaji, kutegemea walivyopatana.

Ili kuelewa kwa nini ugonjwa huu umeshamiri kwenye mpunga, inafaa kumfuata mnyoo hatua kwa hatua. Mayai hutoka na nyongo, huingia kwenye kinyesi, na yakidondokea maji yenye uvuguvugu huanguliwa baada ya takribani wiki mbili. Kiluwiluwi anayetoka humo haonekani kwa macho, na uhai wake ni wa saa chache tu, kwa kawaida usiozidi siku moja. Asipompata konokono anayemfaa, hufa. Akimpata, hujipenyeza mwilini mwake na kuzaliana humo kwa wiki nyingi, hata kiluwiluwi mmoja akatoa mamia ya wengine wenye mikia. Hao humtoka konokono, huogelea, hujinata kwenye majani yaliyo usawa wa maji, hupoteza mkia na kujifunika gamba. Hapo humngoja ng'ombe. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa Juni, mifugo huingizwa majarubani kula mabua na machipukizi ya mpunga, na kiangazi kinavyozidi, hubanana kwenye vipande vichache vilivyobaki na unyevu, ambavyo ndivyo konokono nao walivyokimbilia.

Mzunguko huu haukujulikana hadi kondoo walipoteketea. Mvua nyingi za mwaka 1879 nchini Uingereza zilifuatiwa na mlipuko wa ugonjwa wa ini unaokadiriwa kuua kondoo milioni 3, na kati ya mwaka 1881 na 1883 watafiti wawili, A. P. Thomas wa Oxford na Rudolf Leuckart wa Leipzig, kila mmoja kwa njia yake, walithibitisha kwamba mnyoo huyu hupitia kwa konokono mdogo wa matopeni. Ulikuwa mzunguko wa kwanza wa mnyoo wa jamii hiyo kufahamika kikamilifu, na uchunguzi wa konokono tunaoufanya leo kwenye meza yetu ndogo una asili yake huko.

Konokono wa kwetu anaitwa Radix natalensis. Si kila konokono wa mferejini ni yeye, na kumtambua si kazi ngumu. Mshike ncha ya gamba ikiwa juu na mdomo ukiwa umekuelekea. Mdomo ukiwa upande wa kulia, ukiwa mpana na hauna kifuniko, huyo ndiye tunayemtafuta. Mdomo ukiwa upande wa kushoto, huenda ni Bulinus, anayebeba kichocho cha mkojo. Na gamba likiwa limelala kama sahani, huenda ni jamaa za wale wanaobeba kichocho cha tumbo. Tukimpata wa kwetu, tunamweka ndani ya bilauri ya maji safi chini ya mwanga kwa saa kadhaa, kisha tunaangalia kwenye hadubini kama ametoa viluwiluwi. Wa mnyoo wa ini wana mkia mmoja ulionyooka, ilhali wa kichocho wana mkia uliogawanyika mwishoni.

Kwa upande wa mnyama, tunapima kinyesi. Tuletee kiasi cha kujaa kiganja, kilichotolewa moja kwa moja kwenye njia ya haja au kilichoanguka sasa hivi, kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa bila hewa, na kisipigwe na jua njiani. Mayai ya mnyoo huyu ni mazito, hayaelei kwenye maji ya chumvi kama ya minyoo duara. Kwa hiyo tunayachuja, tunayaacha yatuame, tunamwaga maji ya juu na kurudia, kisha tunaongeza tone la rangi ya bluu. Uchafu wote hugeuka bluu, na mayai hubaki na rangi yake ya dhahabu. Lakini tunasisitiza jambo moja: mnyoo huchukua zaidi ya miezi mitatu tangu kumezwa hadi kuanza kutaga. Kinyesi kisicho na mayai mwezi wa Agosti hakimaanishi ini salama, na ndiyo maana tunauliza pia ng'ombe amechungwa wapi.

Majibu hayo ndiyo yanayoamua dawa. Triklabendazoli huua hata minyoo wachanga wanaotoboa ini, wakati albendazoli huua waliokomaa pekee, tena kwa kipimo kikubwa kuliko kile cha minyoo duara. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji mililita 25 za albendazoli ya asilimia 10. Wengi humnywesha 15 kwa kukadiria kwa macho, kisha humlaumu muuzaji. Utepe wa kupima kifua, ambao hukadiria uzito wa ng'ombe, tunaazimisha bure. Albendazoli asipewe ng'ombe mwenye mimba changa, na naitroksinili, sindano nyingine ya minyoo wa ini, asichomwe anayekamuliwa maziwa ya kunywa. Kwa ratiba ya hapa, tunashauri kutibu miezi miwili au mitatu baada ya mifugo kuingia majarubani, na mara nyingine kabla mvua hazijaanza, ili mayai yasisombwe hadi mifereji mipya.

Wapo wanaotuomba mrututu (salfeti ya shaba) wa kumwaga mferejini ili kuua konokono. Hatuuzi kwa kazi hiyo, kwa kuwa huua samaki pamoja na konokono, na konokono hurudi upesi kuliko samaki. Afadhali kuzungushia uzio kipande chenye tope, kunywesha kwenye hori, na kukata mabua juu ya usawa wa maji kisha kuyakausha vizuri kabla ya kulisha.

Wateja huuliza pia kama kula ini lenye minyoo humwambukiza mtu. Hapana, binadamu huupata ugonjwa huu kwa kula mbichi mboga zinazoota majini au kunywa maji yenye vimelea hivyo, ingawa ini bovu halina sababu ya kufika jikoni.

Konokono tunawapokea siku yoyote ya kazi kabla ya saa sita mchana. Wawekwe kwenye kopo lenye mdomo mpana, juu ya majani mabichi yaliyoloa, si ndani ya maji yaliyojaa, kwani hufa njiani. Anayewaokota avae buti na glavu za mpira, au atumie chujio lenye mpini, kwa sababu mfereji huohuo unaweza kuwa na kichocho, na hicho hakingoji kumezwa: hupenya kwenye ngozi.