Mbegu zichaguliwe pia kwa kustahimili wadudu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi watafiti wetu wa mbegu wasitazame wingi wa mavuno peke yake wanapochagua aina za mahindi, bali wapime pia jinsi kila aina inavyostahimili wadudu, shambani na hata ghalani. Sisi tunaonunua mahindi Tandale hasara hiyo tunaiona kwa macho: gunia linafunguliwa, punje zimetobolewa na chini pamejaa vumbi.

Dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani na ambaye wakulima wengi humwita skania, alibainika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa ametokea bara la Amerika, na tangu hapo tumetegemea mno dawa za unga za kuua wadudu. Hata hivyo, mahindi yenye punje ngumu na maganda yanayolifunika gunzi hadi nchani huwachelewesha fukusi kuingia, sifa ambayo bibi zetu waliichagua kwa mkono kila msimu, na ambayo, kwa masikitiko yangu, baadhi ya mbegu za kisasa zenye ncha wazi zimeipoteza.

Kazi hii inawezekana, kwani kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, Mwanza, kiliendeleza pamba ya majani yenye vinyweleo vinavyomzuia jasidi, mdudu mdogo anayeshambulia pamba, kutaga mayai na kufyonza utomvu.

Naomba basi kila pakiti ya mbegu ya mahindi ieleze, pamoja na siku za kukomaa, ugumu wa punje na ufunikaji wa gunzi, ili mkulima ajue anachonunua.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam